Mwana wa Kuazima

Machimboni, 9 Februari

Dada yangu,

Hujambo wewe na cherehani yako? Na wale wateja wako wa "kesho napitia," wazima? Mimi huku sijambo, nimeiva jua mpaka kivuli changu kinanipisha njia. Msalimie shemeji, mwambie apunguze kukoroma, majirani nao wana haki zao. Watoto waambie wanitumie shikamoo zao kwa barua, maana mjomba wao sasa ni mmisionari kamili, si wa kuchezewa.

Simu usihangaike kupiga. Mtandao unapatikana juu ya lundo la kifusi tu, na juu ya lundo wanakaa mbwa ambao hawajaokoka. Barua atakuletea dereva wa lori la kokoto, yule anayeshusha mzigo kwenye duka la saruji jirani na kibanda chako. Majibu mpe huyohuyo. Hana haraka, lakini hapotezi kitu.

Sasa habari yenyewe. Najua ulicheka uliposikia Kidomo kaenda misheni na watu wa kanisa. Ulisema nimemfuata yule binti wa kwaya, wa sauti ya pili. Sikatai. Ila binti mwenyewe siku ya kwanza aliona miguu ya watu wa huku, akaenda kutapika nyuma ya basi, na mapenzi yangu yakaishia hapohapo.

Watu wa huku wanaponda mawe. Mwamba unalipuliwa kule juu, mawe yanaporomoshwa, na wao wanakaa chini juani, kila mtu na nyundo yake na rundo lake, wanagonga mpaka jiwe liwe kokoto. Bibi anagonga, mjukuu anagonga. Sakafu za vibanda vyao ni vumbi tupu, na kwenye vumbi kuna funza. Dada, mimi nilidhani funza ni kitu cha kutukania watu. Huku nimeona mguu ambao hujui kidole kinaanzia wapi.

Utaratibu wa Mama Mchungaji, kiongozi wetu, ni huu: kila mmoja wetu anapewa mtu mmoja, anaitwa "mtu wako." Unamwosha miguu kila siku, unamtoa funza kwa pini, unampaka dawa, na siku ya mwisho unamvisha viatu kwa mkono wako. Hakuna kupokezana. Mhasibu wa kanisa alipochoma pini ya kwanza alizimia, nikampepea kwa Biblia yake mwenyewe. Mimi kwa pini ndiye bingwa, na sisemi kwa kujisifu, uliza mtu yeyote. Kumbe kushona viatu vya watu stendi ilikuwa shule, tena hii sikutoroka.

Mtu wangu ni mama mmoja mzee, macho yake yana ukungu. Mwanawe, kifungua mimba, alipanda lori miaka ile kwenda kutafuta kazi, hakuonekana tena. Jana namwosha, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akauliza, "Umerudi?" Watu wamejaa, wote wananitazama mimi. Unanijua. Nikasema, "Nimerudi mama, foleni ilikuwa ndefu." Watu wakacheka mpaka Mama Mchungaji akanikata jicho.

Yeye mwenyewe yule mama hakucheka.

Ni mimi bingwa wa pini,
Kidomo


Nyumbani, 25 Februari

Kidomo,

Barua yako nimeikung'uta dirishani kwanza ndipo nikaisoma, ilivyojaa vumbi. Sisi wazima kiasi. Shemeji yako anasema kukoroma kwake ndiko kunakowafukuza wezi, kwa hiyo mshukuru. Watoto wanakuamkia. Mkanda wa cherehani umekatika, vifungo nashona kwa mkono na macho yananiuma, lakini hilo si la kuandikia barua.

Baba yuko kwetu. Nilimtoa kule kwake mwezi uliopita. Amelala chumba cha watoto, watoto wamehamia chumbani kwetu, wanalala chini. Miguu imemvimba na anapumua kwa vituo, kama mtu anayepanda ngazi. Jioni namwekea maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Kwa hiyo mimi pia nina mtu wangu, ila sisi hakuna aliyekuja kutupiga picha.

Nilimsomea barua yako. Pale kwa mhasibu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwongo huyo." Halafu akasema, "Hebu rudia hapo." Nikarudia.

Hukumwulizia hata kwa mstari mmoja, Kidomo. Najua alichokuambia, nilikuwepo. Siku ulipoacha shule alisimama mlangoni, mwalimu mzima wa hesabu, majirani wote wanasikia, akasema, "Mimi sina mtoto wa kiume. Nina binti mmoja, basi." Neno hilo nililisikia kama ulivyolisikia. Lakini wewe ulipata pa kwenda, mimi nilibaki naye, nikamwona alivyokaa wiki nzima bila kufungua redio.

Na huyo mama wa machimboni, mwambie. Ule si utani. Mtu akikuuliza umerudi, na wewe hukuwahi kuondoka kwake, unajibu hapana. Mwambie leo, kabla hajakutandikia kitanda.

Dada yako


Machimboni, 18 Machi

Dada,

Salamu kwenu nyote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja kwa nafasi yake. Pole na mkanda wa cherehani. Pale stendi, nyuma ya kibanda changu, kuna fundi anauza mikanda ya mtumba, mwambie umetumwa na Kidomo atakupa mzuri. Usipomtaja Kidomo atakupa mbovu.

Umesema nimwambie kabla hajatandika. Barua yako ilichelewa. Alishatandika.

Siku ya pili tu baada ya ule utani nilimkuta amefagia. Kibanda chenyewe, ukinyoosha mikono unagusa huku na huku. Godoro lake kaliweka upande wa ukuta mzima, yeye kajitandikia gunia upande unaovuja. Akaniambia, "Ulikuwa unapenda kulala ukutani." Ningesemaje? Nikasema, "Bado napenda, mama."

Wenzangu wameondoka. Siku ya mwisho ilikuwa sherehe hasa, ungeipenda. Kwaya imeimba, watu wamevishwa viatu, mhasibu amelia hadharani na mimi sikumcheka sana. Mtu wangu nilimvisha raba za bluu. Alizipapasa, akazivua, akazifunga kwenye kitambaa. Akasema atazivaa siku nikioa.

Basi limewashwa, Mama Mchungaji akaniita.

"Kidomo, panda gari."

"Nikipanda, nani atamwambia mama nimekwenda wapi?"

"Yule si mama yako."

"Mimi najua. Yeye hajui."

"Ndiyo maana utamwambia wewe, kwa mdomo huohuo uliomdanganya."

"Mwambie wewe, Mama Mchungaji. Si ndiwe mwenye kipawa cha kuhubiri?"

Unajua alikwenda kweli? Alichuchumaa pale mbele yake, akamshika mikono. Yule mama akaanza kumshukuru kwa kumletea mwanawe. Mama Mchungaji akamwachia mikono taratibu. Akarudi kwenye basi bila kunitazama, akasema, "Mungu atusamehe," akafunga mlango. Nikabaki na vumbi lao.

Sasa naponda mawe. Usicheke. Bega la kulia limekuwa kubwa kuliko la kushoto, nikitembea naonekana kama mlango uliolegea bawaba. Mchana nashona viatu tulivyogawa, maana vingi vilikuwa vya watu wa ofisini, juu ya mawe haya havikumaliza hata mwezi. Mtoto wa jirani kipande cha jiwe kilimrukia jichoni. Nilikuwa karibu nikasikia, sauti ndogo tu, kama mtu aliyetema mbegu. Jicho limekwenda. Kesho yake alikuwa kwenye rundo lake, kafungwa kitambaa, anagonga.

Na funza wamerudi, Dada. Wote. Tuliosha miguu tukairudisha kwenye vumbi lilelile. Tuliimba "wamekuwa wapya," na mimi ndiye nilikuwa napiga makofi kuliko wote. Kila nikikumbuka yale makofi natamani kumpiga mtu, na wa kumpiga simwoni.

Mwambie shemeji aendelee kukoroma.

Kidomo


Nyumbani, 3 Aprili

Kidomo,

Tuko salama. Mkanda nimepata, nilikutaja na bado nimepewa mbovu.

Baba anakuulizia. Asubuhi alisema, "Yule mwanafunzi wangu mtoro yuko wapi?" Sijui kama kwako hiyo ni samahani. Kwa Baba, hiyo ni hotuba nzima.

Njoo. Panda na dereva huyuhuyu akigeuza gari.

Siandiki zaidi, kalamu inapiga kelele na yeye amelala macho.

Dada yako


Nyumbani, 14 Mei

Kidomo,

Sijui niulize hali yako kwanza au nianze tu. Hujambo. Watoto wanakuamkia, wao hawana kosa. Shemeji yako amerudisha kitanda chao chumbani, na usiku hakoromi siku hizi, amelala macho kama mimi.

Ulifika siku ya pili baada ya mazishi ya Baba. Ulikaa siku chache, ukabeba viti vya watu, ukachota maji, ukawachekesha wageni mpaka shangazi akasema Mungu ametupa kijana mchangamfu. Mimi na wewe hatukuzungumza. Kisha ukasema unarudi huko kumaliza jambo, ukaondoka. Nilidhani barua yangu ilikuchelewa, nikajilaumu kwa kutokuandika kwamba alikuwa anakwisha. Sikuandika kwa sababu angetaka nimsomee, kama alivyotaka nimsomee zako zote. Ningemsomea nini?

Jana dereva ameshusha mzigo. Nikamwambia, "Kaka, ile barua ya Aprili mbona ilichelewa hivyo?" Akashangaa. Akaniapia kwamba alikukabidhi mkononi wiki ileile, ukaisoma mbele yake umesimama, ukaikunja. Akakuambia, "Panda, tuondoke." Ukamwambia, "Safari ijayo." Akaja safari ijayo, ukamwambia safari ijayo.

Basi sikiliza alivyokaa Baba hizo safari zako. Kila jioni alitaka avalishwe shati la mikono mirefu. Nikimkalisha, anataka kiti kitazame mlango. Pikipiki ikisimama nje, anauliza, "Nani?" Namwambia ni mtu wa gesi. Ni mteja. Ni mtu amepotea njia. Siku ya mwisho hakuuliza nani. Aliuliza, "Yuko njiani?" Nikasema, "Yuko njiani, Baba." Nilidanganya kwa ajili yako, na aliondoka na uongo wangu kifuani. Huo umenikaa mimi, si wewe.

Sasa nataka jambo moja. Niambie ulikuwa unafanya nini huko zile wiki mbili baada ya barua kukufikia. Na usiniandikie utani. Ukiniandikia utani nitaichoma barua kabla sijaigeuza upande wa pili, na usiniandikie tena.

Dada


Machimboni, 2 Juni

Dada,

Shikamoo. Watoto na shemeji nimewaweka moyoni, utawasalimia ukipenda.

Dereva amesema kweli. Barua niliisoma nimesimama. Nikaisoma mara nyingine. Nilijua. Wewe hujawahi kuniandikia barua fupi maisha yako yote.

Siku zile yule mama alikuwa na homa. Ningeweza kukuambia homa ndiyo iliyonizuia, na nilikwisha kuiandaa hiyo, nilikuwa nimeipanga vizuri njia nzima siku nilipokuja. Haikuwa homa. Aliugua siku mbili akapona, na mimi nikabaki. Jirani angemwangalia, alisema mwenyewe.

Nilibaki kwa sababu hapa nikiingia mlangoni mtu anafurahi. Sijui niliseme hili kwa namna gani nyingine. Nikipasua jiwe vibaya anasema, "Hata baba yako alianza hivyohivyo." Nikiongea sana anasema, "Umerudi na maneno mengi, kheri." Hakuna anachonidai cha zamani, kwa sababu cha zamani si changu, ni cha yule mwingine. Kwa Baba ningeingia na kila kitu changu. Nikasema, acha nipate siku moja zaidi. Kila siku nikasema hivyo. Na nilikuwa nimeogopa, Dada. Niliogopa nifike, anitazame, arudie yale maneno akiwa anakufa, na baada ya hapo asiwepo wa kuyafuta. Wewe uliandika "mwanafunzi wangu mtoro." Nilikaa na hayo maneno nikiyapima kama ni mlango au ni ukuta, na nilipoamua ni mlango, dereva akaniambia duka la saruji lilifungwa jana yake kwa ajili ya mazishi ya jirani.

Ndivyo nilivyojua. Sikukuambia. Ulipokuja kunipokea uani ulikuwa unatafuta namna ya kuniambia, nami nilikuacha utafute.

Yule mama nilimuagaje? Nilimwambia nakwenda kununua sabuni. Aliuliza kama nitakawia. Nikasema maji hayatachemka kabla sijarudi. Kweli alikuwa ameyateleka. Nikapanda lori.

Nilirudi ili nimwambie ukweli. Hilo ndilo jambo nililosema nakuja kulimaliza. Nilikuwa nimelipanga: nakaa, namwambia mimi si mwanao, namwomba radhi, anipige akitaka. Nimefika, yuko kwenye rundo lake. Jirani akanivuta pembeni akasema, "Umefuata nini? Ulipoondoka alikaa barabarani na ile sufuria, kila lori anasimama. Tulimrudisha ndani kwa kumbeba."

Nikamwendea. Nikasema, "Mama, mimi hapa."

Akaweka nyundo chini. Akasikiliza. Akasema, "Wewe ni kijana wa kanisa. Yule wa viatu. Karibu. Umechelewa, mwanangu alikuwa hapa."

"Ndiye mimi, mama."

"Acha utani. Ninyi watu wa kanisa mna utani mwingi." Lakini alisema kwa upole, akanisogezea jiwe nikae.

Akaanza kunihadithia. "Mwanangu alirudi, akaniosha miguu. Alikuwa na maneno, wee, mpaka majirani wanakuja kusikiliza. Alilala pale ukutani. Halafu akaniambia anakwenda kununua sabuni." Akanigeukia: "Wewe umetembea, niambie. Sabuni inauzwa mbali kiasi gani?"

Nikamwambia yote, Dada. Nakuapia. Nilipiga magoti kwenye kokoto, nikasema, mama, yule hakuwa mwanao. Nilikuwa mimi. Uliuliza umerudi, nikajibu nimerudi ili watu wacheke. Mwanao sijawahi kumwona. Sabuni niliisema mimi. Baba yangu alikuwa anakufa na hata kwake sikufika.

Aliokota kokoto moja, akaipapasa. Nikadhani imeingia. Kisha akanigusa bega, akasema, "Unamtetea. Vijana hamuachani." Akatikisa kichwa. "Usijipe kosa la mtu, mwanangu. Kila mtu abebe lake."

Nikasema tena. Akasema, "Basi, nimesikia," kama unavyomwambia mtoto anayelilia kitu ambacho hakipo.

Kisha akaokota nyundo, akagonga, akaacha. Akasema, "Utakutana naye huko mjini?"

Nikajikung'uta magoti.

"Ukikutana naye mwambie asije tena. Si kwa hasira. Mwambie mimi mama yake nimemlilia mara mbili, ya tatu sina. Kama yuko hai akae hukohuko alipo, mimi nitajua yuko hai, inatosha. Utamwambia?"

Nikasema, "Nitamwambia, mama."

"Unapajua anapokaa?"

"Napajua."

"Basi nenda, jua lisikuzamie njiani."

Nikaondoka. Naandikia hapa kwa jirani, mlango wake umetazama upande mwingine. Nyundo ikigonga jiwe huko nje naijua ni ya nani, na sitoki.

Umeuliza nilikuwa nafanya nini zile wiki mbili. Nilikuwa mwana wa mtu, Dada. Sasa si wa huku wala wa huko, na sikuandikii hivyo ili unihurumie.

Uongo uliomwambia Baba, kwamba niko njiani, nakuomba unipe mimi niubebe. Sijui unavyotolewa kwa mtu ukapewa mwingine. Labda haiwezekani.

Dereva anageuza gari Alhamisi. Barua hii na mimi tunakuja lori moja, nitamwomba akushushie barua kwanza, mimi nisubiri upande wa pili wa barabara mpaka uisome. Ukiingia ndani ukafunga, nitaelewa, nitaendelea na yeye hadi anapokwenda. Ukibaki mlangoni nitavuka.

Mdogo wako